Laptop ya Jovia na Gunia la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Agosti

Furaha nyumbani! Jovia ameitwa chuoni. Busitema, kozi ya kilimo, kuripoti Jumatatu. Mke wangu, aliyeacha shule alipopata mimba ya kifungua mimba wetu, sasa ni mwanachuo! Ameusoma ujumbe kwenye simu mpaka betri ikaisha, kisha akaazima simu yangu aendelee kuusoma.

Sharti moja tu: kila mwanafunzi aje na laptop yake. Kubwa hatuiwezi. Tunataka ndogo, ya bei nafuu, ya kubeba kwenye boda kutoka Masafu bila kumuumiza bega. Kwa ajili hiyo Jovia ameuza nguruwe wake. Nguruwe aliyemlea mwenyewe kwa maganda ya viazi na maneno matamu. Pesa iko kwenye kopo la majani ya chai, na kopo nimekabidhiwa mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni mtu wa vyombo. Kile kipaza sauti juu ya mlingoti katikati ya senta ya Masafu, anayezungumza asubuhi na jioni ni mimi, Egesa. Mbuzi akipotea, natangaza mimi. Mtu akifariki, natangaza mimi. Hakuna asiyeijua sauti yangu hapa. Niliwahi hata kuchapisha fulana, mgongoni zimeandikwa EGESA SAUTI YA MASAFU. Wanunuzi walichelewa kujitokeza, kwa hiyo nazivaa mwenyewe.

Sasa Nashon. Nashon ni fundi simu, meza yake iko chini kabisa ya mlingoti wangu. Habari haijapoa, keshajitokeza. Eti ana laptop ndogo nyeusi, imetumika kidogo, betri mpya, atatuuzia kwa bei ya jirani. Jovia akaifungua, akaandika jina lake, jina likatokea. Akasema hii inatosha.

Inatosha! Hata nyanya mtu anabonyeza kwanza. Nikamweleza Jovia kwamba chombo kama hiki hakinunuliwi bila kulinganisha. Nashon akacheka, akaniita Profesa. Sawa, Profesa. Nitalinganisha laptop tatu katika nchi mbili: ya Nashon hapa, ya Owori kule Tororo, na ya Caro, Busia ya Kenya. Atajua ni Profesa wa kweli.

Jovia akauliza kama itapatikana kabla ya Jumatatu. Nikamwambia Alhamisi jioni itakuwa mezani.

Jumatano, 5 Agosti

Tororo. Nimekwenda na mizani ya ndoano, ile ya kupimia kuku, kwa sababu wauzaji wote husema chombo chao ni chepesi na hakuna anayewapima.

Owori ana duka safi na moyo mpole. Laptop yake ni mpya, ya waridi, nyembamba, bado ina nailoni. Nilipoitia kwenye mfuko na kuitundika kwenye ndoano, alifumba macho. Lakini ni nyepesi! Nyepesi kuliko kuku wa mayai. Alama moja kwa Owori.

Kisha tukaiwasha. Ikasema isubiriwe kidogo, inajisasisha. Tukasubiri. Owori akasema ni kawaida kwa kitu kipya. Tukanywa chai. Nje ya dirisha Mwamba wa Tororo ulikuwa pale pale, na asilimia kwenye kioo ilikuwa pale pale pia. Wateja wakaja wakaenda. Baada ya chakula cha mchana ikatangaza kwamba imeshindwa, haina nafasi ndani. Haina nafasi! Na sisi hatujaweka hata picha moja.

Owori akaeleza kwamba hizi za bei ndogo zina tumbo dogo, mwenye nayo huweka vitu vyake kwenye mtandao. Nikauliza bando likiisha vitu vya mke wangu vitalala wapi. Akasema hapo hata yeye hajui. Nikaomba basi tuipime betri, tuiache iwake bila umeme mpaka izime yenyewe, mimi nitaketi hapo hapo.

"Mzee," akasema Owori, na upole ulikuwa umebaki kidogo sana, "wewe nakuja kununua ama nakuja kukaa?"

Leo amefunga duka mapema. Sijui kwa nini.

Nimerudi na kumkuta Jovia anashona kifuko cha kitenge cha kubebea laptop. Kwa kuwa hajui ukubwa wake, amekipima kwa kitabu cha nyimbo cha kanisani. Ametia na vifungo viwili. Nikamwambia utafiti unakwenda vizuri. Nashon akauliza kutoka mezani kwake kama utafiti umezaa. Akasema ile nyeusi anamwekea Jovia hadi Jumamosi asubuhi, baada ya hapo kuna mtu mwingine anaitaka. Aiweke tu. Aipambe na maua.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeipata! Na nimeipoteza. Ngoja nianze mwanzo.

Caro ana kibanda kwenye ujia mwembamba upande wa Kenya. Nikamwomba anionyeshe ndogo aliyonayo. Akatoa moja ya kijivu, kingo zake zina mpira wa kijani kuzunguka, na nyuma ina mpini wa kushikia. Akasema ilikuwa ya watoto wa shule huko ng'ambo. Kisha, bila kunionya, akaiachia ikaanguka sakafuni.

Nilipiga kelele. Watu wawili waliingia kuangalia nani ameumia.

"Tulia, msee," akasema Caro. "Hii imelelewa na watoto. Hakuna kitu haijaona."

Akaiokota, inawaka kama kawaida. Akamwagia keyboard maji ya kunywa, yakatiririka yakatoka chini, naye akaifuta kwa kiganja. Kioo kidogo lakini macho hayaumi. Vitufe vimekaa imara. Betri tuliitoa kwenye umeme nikaketi nayo, na mpaka Caro anamaliza kula ugali wake ilikuwa bado ina nguvu. Ni nzito kidogo kuliko ya Owori, lakini ile ya Owori ni nyepesi kwa sababu haina kitu. Na ile ya Nashon? Ni nzuri, nakiri hapa ambapo hasomi mtu. Kasoro yake ni kwamba ni ya Nashon. Nikanunua ya Caro.

Caro akaniambia niitie begini nivuke tu. Eti moja, iliyotumika, ya mtu binafsi, hakuna atakayeniuliza. Nikatabasamu. Caro anajua kuuza. Kuvuka mpaka ni elimu nyingine, na elimu hiyo nimezaliwa nayo.

Mbele ya kibanda cha chai palikuwa na mkokoteni wa Isaac, mvusha mizigo, umejaa magunia ya mukene. Hao wa upande ule huwaita omena, lakini ni wale wale, samaki wadogo waliokaushwa. Isaac alikuwa ndani anakunywa chai. Gunia moja mdomo wake haukufungwa vizuri. Nikavua fulana ya juu, nikaifunga laptop vizuri isiingie uchafu, nikaizamisha katikati ya gunia. Nani atapekua samaki? Mimi nitafuata nyuma na begi tupu, mtu asiye na habari. Akili!

Pale mpakani ofisa wa forodha akataka kujua kwa nini mtu mzima anavuka na begi tupu. Nikamwambia napenda begi. Hakuridhika. Nilipokuwa nikieleza, mama mmoja alipita na laptop kwapani, iko wazi, inapiga nyimbo za injili. Ofisa akamwamkia, akamwuliza watoto hawajambo. Na mkokoteni wa Isaac ukapita, ukapinda, ukapotea.

Nilipoachiwa nilikimbia. Nikaukuta upande wetu, kando ya pikapu, Isaac anapakia. Mwenye magunia alikuwa amenipa mgongo, anakaza kamba. Gauni la gomesi, la buluu. Bega la kushoto chini kidogo.

Mgongo ule naujua. Ni wa Mama Norah, mama yake Jovia. Mama mkwe wangu!

Yeyote asiye wa kwetu ataniona mwoga. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni. Akimwona njiani anahama njia, naye mama anageuka pembeni. Ni heshima, na mimi ni mtu wa heshima. Tangu nimwoe Jovia namfahamu mama mkwe zaidi kwa mgongo. Na leo hakuwa peke yake! Alikuwa na mdogo wake, Peninah, muuza kabichi, ambaye kwa desturi ni mama mkwe vilevile. Huyo hata sura yake siijui. Namjua kwa mgongo mpana na kilemba cha zambarau anachokifungia nyuma kwa fundo la upande. Migongo miwili kwa mpigo!

Nikajificha nyuma ya lori la simenti. Pikapu ikaondoka kuelekea Masafu na laptop ya mke wangu.

Jioni Jovia akauliza iko wapi. Nikamwambia iko njiani. Si uongo. Ningeweza kumweleza yote, naye angekwenda kwa mama yake kama binti yeyote anavyokwenda. Lakini basi angejua. Na Jovia akijua, Nashon atajua. Hapana, nitaitoa mwenyewe kimya kimya.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango! Mama mkwe anauza mukene sokoni Masafu leo na kesho. Mkwe haruhusiwi kusogelea meza yake. Mteja anaruhusiwa. Basi niwe mteja.

Rafiki yangu Allan, mwendesha boda, kaniazima helmeti yake inayofunika uso mzima, yenye kioo cheusi. Kaniazima na koti la mvua. Jua lilikuwa kali mno. Desturi inakataza kutazamana uso kwa uso, na mtu aliye ndani ya helmeti hana uso. Nimeitafakari kila upande, haina kosa.

Nikasimama mbele ya meza. Magunia matatu wazi. Ili asinitambue nikasema kama Mkenya: "Niaje, mathe. Omena iko freshi?"

Mama mkwe akajibu polepole kwamba iko, mteja ajionee mwenyewe. Alikuwa ametazama pembeni muda wote. Nikadhani ni jua.

Nikatia mkono gunia la kwanza. Samaki. La pili, hadi kiwiko. Samaki. La tatu nikazama hadi begani, helmeti yote ikaingia.

"Mteja," akasema mama mkwe akiwa bado ametazama pembeni, "wewe natafuta samaki ama nachimba choo?"

Nikajibu kwamba walio chini ndio watamu. Na kwa mazoea ya kazi, mdomo ukamalizia wenyewe: "Asanteni kwa kunisikiliza, siku njema."

Soko lote likageuka. Nikasikia mtu akiuliza, huyo si Egesa? Mwingine akajibu, ndiye, ni yule wa kwenye mlingoti.

Nikachomoa mkono kwa haraka, gunia likainama. Mama mkwe akalidaka. Nami nikalidaka. Viganja vyetu vikakutana juu ya gunia, naye kwa kuhofia samaki wasimwagike akashikilia. Amenishika mkono! Mama mkwe! Mkono wa kulia, hadharani, sokoni! Mimi nilipiga yowe. Yeye pia alipiga yowe. Nikakimbia na helmeti imejaa mukene hadi masikioni.

Nimejifungia nyumbani tangu hapo. Jovia alikwenda jioni kumjulia hali mama yake, akarudi, akaingia chumbani, akatoka. Akaniuliza kama nina jambo la kumwambia. Nikamwambia kesho kuna tangazo la chanjo ya kuku.

Chumba chote kinanuka mukene. Nimeoga, nimeoga tena, harufu iko palepale. Paka amekaa chini ya msumari ambapo Jovia ametundika kile kifuko cha kitenge, analia, hataki kutoka. Lazima ni ile helmeti. Kesho nimrudishie Allan.

Jumamosi, 8 Agosti

Mambo yamekuwa mabaya. Nilipofika mlingotini Nashon aliinuka kunisalimia, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka akasema samahani, alisahau kwamba siku hizi mkono wangu una wenyewe. Meza yote ya wateja wake ikacheka. Nikapanda kibandani kwangu kwenye kipaza sauti. Mtu wa heshima hajibu.

Mpango wa mwisho: kipaza sauti. Labda mama mkwe keshauza lile gunia, na laptop iko kwa mtu asiyejua ni nini. Nikatangaza kwa ufundi, bila kutaja laptop, bila kutaja samaki: yeyote aliyeokota kitu bapa, chenye kukunjuka kama kitabu, chenye mpini, akilete mlingotini, atapewa zawadi.

Wakaja! Mmoja na ubao wa drafti wa kukunja. Mmoja na Biblia yenye zipu. Bibi mmoja na kikaango cha chapati, nilipomwambia hakikunjuki akasema nikimlipa atakikunja. Agwang, muuza viatu, alileta mlango wa kabati. Wote wakataka zawadi. Nikawapa fulana. Walizitazama mgongoni, wengi wakazirudisha.

Hapo nikakata tamaa. Nikashuka, nikameza fahari yangu mbele ya watu, nikamwambia Nashon niko tayari kuchukua ile nyeusi, pesa tutaelewana. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko. Ameshaiuza. Kasisi alikuja asubuhi akaichukua. Nashon akasema alingoja kama alivyoahidi.

Kwa hiyo hakuna ya Nashon, hakuna ya Caro, na kopo la chai halina kitu. Keshokutwa ni Jumatatu.

Jovia alikuwa amesikia tangazo kama Masafu nzima. Akaniuliza swali moja: kile kitu bapa ni laptop yangu? Nikamweleza. Mkokoteni, gunia, ofisa, mgongo, helmeti, yote. Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Akatoa kifuko cha kitenge kwenye msumari wa mlangoni, akakihamishia msumari wa juu ya kitanda. Alikishika kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba kina kitu ndani. Na hakina kitu, kwa sababu yangu.

Niliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya sokoni. Alimuuza nguruwe wake. Wenzake wote watafungua laptop zao Jumatatu, naye atafungua mikono.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani nilikaa karibu na mlango wa kulia, mama mkwe alikaa kushoto mbele. Kasisi aliweka laptop nyeusi kwenye mimbari akasoma mahubiri humo. Inafanya kazi vizuri sana. Sikusikia hata neno.

Baada ya chakula Jovia akaniambia nikae. Akakileta kile kifuko, akafungua vifungo viwili, akatoa laptop. Ya kijivu. Mpira wa kijani. Mpini.

Nilimkumbatia yeye kwanza au laptop kwanza, sikumbuki. Paka alituwahi sote.

Ilikuwa humo tangu Ijumaa jioni! Alhamisi mama mkwe alipofika nyumbani, gunia lilivutwa kutoka juu ya pikapu, likafunguka, na laptop ikaanguka kwenye mawe. Haikupata hata mkwaruzo. (Nilimwomba Jovia arudie sehemu hiyo. Akairudia.) Na hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Ilikuwa imefungwa kwa fulana iliyoandikwa mgongoni EGESA SAUTI YA MASAFU.

Fulana! Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mama mkwe alijua mara moja. Akaiweka juu ya kabati akangoja mkwe wake afanye kama wakwe wanavyofanya, amtume mke wake. Akangoja usiku kucha, na asubuhi ikaja helmeti. Amesema alinitambua kabla sijafungua mdomo, na kwamba alitazama pembeni kwa heshima, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo sokoni mwenye adabu alikuwa yeye peke yake.

Jovia aliichukua Ijumaa. Hakuniambia kwa sababu alitaka kuona kama nitasema mwenyewe. Siku mbili akaningoja. Akasema laptop haikumtia hofu, kwa mama yake kitu hakipotei. Kilichomtia hofu ni kuanza kozi ngumu huku nyumbani kuna mtu anayesema iko njiani. Ningesema Alhamisi, angeifuata kabla sufuria ya jioni haijachemka.

Nimemwahidi Jovia kwa moyo wangu wote: hakuna kuficha tena, hakuna helmeti tena, hakuna magunia. Na nimemshukuru. Nadhani alinisamehe, kwa sababu alicheka, kisha hakuweza kuacha kucheka.

Kuhusu mkono: ule wa Ijumaa mama mkwe ameusamehe kwa jogoo, ambaye Jovia amempeleka jioni. Ametuma neno kwamba mara ya pili itakuwa mbuzi.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemsindikiza Jovia hadi Busitema. Kavaa gauni la kijani, kifuko begani. Msichana mmoja anayeitwa Phiona, wa umri wa kuwa mpwa wake, akamwomba amwonyeshe laptop. Ya Phiona ni ya waridi. Imekuwa ikijisasisha tangu Jumamosi. Ya Jovia iliwaka papo hapo, na harufu ya mukene ikajaa ukumbi. Wanafunzi walidhani ni chakula cha mchana.

Jovia hakujali. Aliketi mstari wa mbele, akaandika jina lake. Nilimwona kupitia dirishani, na machozi yakanilengalenga. Niseme ukweli: kati ya laptop tatu katika nchi mbili, nilichagua ile bora. Hilo hakuna aliyelisema, kwa hiyo naliandika hapa.

Jumatano, 12 Agosti

Jovia ameomba kitu kidogo: flash, ya kuhifadhia kazi zake, anaihitaji Ijumaa. Akasema Nashon anazo mezani, ninunue moja, basi.

Ninunue moja, basi! Flash ni chombo. Kuna za kasi, kuna za kobe, kuna bandia. Lazima kulinganisha. Nashon akaniona nafunga begi akaniuliza Profesa anakwenda wapi. Nikakaza zipu.

Caro alikuwa nazo aina nne. Tukazijaribu zote, akaziangusha zote. Nimechukua ya chuma. Caro akaniambia niitie mfukoni nivuke tu. Nikakumbuka yule ofisa na maswali yake. Lakini safari hii nimejifunza! Kwanza, sikuifunga kwa fulana. Pili, sikugusa samaki wa mtu. Palikuwa na mkokoteni wa Isaac umejaa kabichi, na mwenye kabichi alikuwa ameketi juu yake, amenielekea. Nikamtazama vizuri usoni, bila haraka. Mama mmoja mwenye sura ya upole. Sijawahi kumwona maishani. Kwa mtu nisiyemjua desturi hainihusu. Alipoangalia kwingine nikaipenyeza flash katikati ya majani ya kabichi kubwa kabisa, nikaitia alama ya ukucha.

Nikavuka bila shida. Ofisa hata hakuniangalia.

Upande wetu yule mama alikuwa ameshuka, anapakia kabichi kwenye pikapu, amenipa mgongo. Mgongo mpana. Kilemba cha zambarau, fundo la upande.

Jovia amepiga simu kuuliza flash. Nimemwambia iko njiani. Kesho asubuhi naazima helmeti ya Allan, na mbuzi nimemfunga karibu, kwa tahadhari tu.